Shamba ni langu: nikikata, nimemkosea nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi milimani Uluguru. Mama alipofariki, ukoo ulinikabidhi ekari tano alizokuwa akilima. Mpakani, upande wa chini, kuna chemchemi, na pale pana mkuyu mkubwa na mivule miwili. Nimepata mnunuzi wa mivule. Nataka nisafishe eneo lote, nichome mkaa, kisha nilime mboga penye unyevu ili mdogo wangu arudi shule. Mjomba amekataa. Anasema nitakuwa "nimeikosea nchi". Mimi nimesoma, mizimu siiamini. Kama shamba ni langu na hakuna jirani ninayemdhuru, nimemkosea nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mama.

Nianze na neno "langu", maana ndilo ulilolibebesha swali zima. Kwa sheria ya Tanzania, hilo shamba si lako kwa namna unavyofikiri. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ulichonacho ni haki ya kuitumia. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, kipimo ambacho maofisa huja nacho hata kwenye chemchemi. Kimila nako hali ni hiyo hiyo. Wewe Mluguru unajua kuliko mimi kwamba shamba la upande wa mama ni la ukoo, na mjomba hakuingilia mambo yasiyomhusu alipofungua mdomo.

Ningeweza pia kukujibu kuhusu huyo jirani ambaye unasema humdhuru. Maji ya milima yenu huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Jirani yako yuko Manzese, anafungua bomba, hajui hata jina la kijiji chako. Udongo utakaoporomoka kutoka kwako atalipia yeye kusafishiwa maji.

Majibu hayo mawili ni ya kweli, na mtu angeweza kuishia hapo. Lakini hayafiki kwenye swali lako. Tuseme sheria haipo, ukoo umekuachia kila kitu, na chini ya chemchemi haishi mtu yeyote hadi baharini. Ungekata, je, kungekuwa na kosa lolote? Mjomba wako anasema ndiyo. Mimi pia nasema ndiyo, na kwa hili sihitaji mizimu.

Turudi nyuma kidogo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali kisiwani hadi 1897, pwani ya Kenya hadi 1907, na huku Tanganyika hadi 1922. Kuna wazee niliowakuta hai ambao bibi zao walizaliwa wakiwa mali ya mtu. Sasa mfikirie tajiri wa shamba la karafuu Unguja, mtu wa dini, anayelipa madeni yake, anayemheshimu jirani. Amemchapa mtumwa wake hadi akazimia. Umwulize, naye angekujibu kwa maneno yako mwenyewe: ni wangu, jirani sijamdhuru, nimemkosea nani? Hakuwa mtu asiye na maadili. Maadili alikuwa nayo tele, ila mpaka wake uliishia mahali fulani, na nje ya mpaka huo kulikuwa na vitu tu, vya kununua na kuuza.

Usinielewe vibaya. Sisemi mti ni sawa na mtu, na atakayesema hivyo kwa wajukuu wa watumwa anastahili kufukuzwa barazani. Ninachosema ni kwamba "ni mali yangu" halijawahi kuwa jibu la swali la haki. Linatuambia tu mpaka wetu umechorwa wapi kwa sasa. Na mpaka huo umewahi kusogezwa, tena si zamani sana.

Mtu aliyeliandika jambo hili kwa namna iliyonigusa alikuwa afisa misitu kama nilivyokuwa mimi. Aldo Leopold, Mmarekani aliyezaliwa 1887, aliajiriwa na idara ya misitu mwaka 1909 na kupelekwa Arizona. Enzi hizo kila afisa aliyemwona mbwa mwitu alimpiga risasi, kwa hesabu rahisi: mbwa mwitu wakipungua, swala wataongezeka, na wawindaji watakuwa peponi. Leopold naye alipiga. Alimfikia mama mbwa mwitu akiwa anakata roho, akaona mwanga wa kijani ukizimika machoni mwake, na picha hiyo haikumtoka. Miaka ilivyokwenda aliona milima ambako mbwa mwitu wamemalizwa, na wanyama wala majani wakatafuna kila chipukizi hadi vilima vikabaki uchi, kisha wao wenyewe wakafa kwa njaa. Hesabu ilikuwa sahihi kwenye karatasi, ila mlima haukuwa karatasi.

Mwaka 1935 alinunua shamba lililochoka kando ya mto Wisconsin, shamba la mchanga ambalo wenyewe walikuwa wamelikamua hadi likaisha. Jengo pekee lililosimama lilikuwa banda la kuku lenye samadi hadi magotini. Yeye na mkewe na watoto wakalisafisha, wakalifanya kibanda cha mwisho wa wiki, wakawa wanapanda misonobari kwa maelfu. Mingi ya mwanzo ilikufa kwa ukame, wakapanda tena. Alifariki Aprili 1948 kwa moyo, akisaidia kuzima moto kwenye shamba la jirani, na maandishi yake yakatoka kitabu mwaka uliofuata. Alilokuwa akisema ni fupi: maadili yote yamejengwa juu ya wazo kwamba mtu ni mmoja katika jumuiya, na jumuiya hiyo inapaswa kuhesabu udongo, maji, mimea na wanyama. Vyote kwa pamoja aliviita nchi. Mtu aache kuwa mshindi aliyeiteka nchi, awe mmoja wa raia wake.

Nikiwafundisha vijana sehemu hii huwa nasimama ubaoni na kuandika neno moja: mwananchi. Wenzetu wa Kiingereza walihitaji mtu mwenye kipaji aje awaeleze kwamba wao ni raia wa ardhi. Sisi tunalitamka kila siku kwenye mikutano ya hadhara bila kulisikia. Mwana wa nchi. Na nchi kwetu haijawahi kuwa serikali na mipaka peke yake. Ndiyo ile ile ya "nchi kavu", ile inayokanyagwa na kulimwa. Mjomba wako aliposema utaikosea nchi alikuwa anazungumza Kiswahili cha kawaida kabisa, na wewe msomi ukasikia mizimu.

Jambo jingine la lugha, halafu niliache. Tunasema kuku anakula. Tunasema kiboko anaoga, ingawa jina lake limeanza kama kiti na kisu. Mtoto akisema "mbwa inabweka" tunamsahihisha (wa Nairobi mnisamehe). Waliotutangulia waliona uhai wa mnyama wakamweka ngeli moja na binadamu. Mti, ambao nao unazaliwa, unakua na kufa, waliuacha pamoja na mkate na mfuko. Sarufi si maadili, najua. Lakini kila ninapoliona hilo najiambia kwamba kazi ilianzwa, ikaachwa njiani.

Sasa utaniuliza: wazee wetu si walikuwa na miiko? Walikuwa nayo. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za ukanda wa kijani Kenya mwaka 1977 na kupata tuzo ya Nobel 2004, alisimulia mara nyingi kuhusu mkuyu mkubwa uliokuwa karibu na kwao Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni pale kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Karibu yake palikuwa na kijito, na yeye mtoto alikuwa akiingia majini kuchezea mayai ya vyura akidhani ni shanga. Alipokuwa mtu mzima mti ulikuwa umeshakatwa na kijito kimekauka.

Kisa hicho hunukuliwa sana kuonyesha hekima ya mababu, na kweli ipo. Mimi huona pia udhaifu wake. Mwiko ulilinda mti kwa kuwa mti ulikuwa wa Mungu. Imani ilipobadilika, mti ukabaki kuni. Hivyo hivyo kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya: misitu yao mitakatifu iitwayo kaya ilihifadhiwa na wazee kwa karne kadhaa, nayo iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, lakini hatua chache nje ya mpaka wa kaya pamefyekwa kama popote pengine. Mwiko huchagua mahali. Unasema hapa usiguse, na kwa kusema hivyo unaacha kule kwingine kote wazi. Wewe hapo ni shahidi: umesoma, woga umekutoka, na kilichokuwa chini ya woga huo hakuna aliyekueleza. Kwa hiyo sikuombi urudie kuogopa. Nakuomba ufanye jambo gumu zaidi, uheshimu bila kuogopa, na uheshimu hata shamba lisilo na mzimu.

Dini nazo, kwa kuwa najua wengi wenu kule ama ni Waislamu ama Wakatoliki, haziko upande wako kama unavyodhani. Mtume alifundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala kutoka humo, ni sadaka kwake. Angalia aliyetajwa wa kwanza. Walawi 25 inaamuru mwaka wa saba nchi ipumzike. Haikusema mkulima apumzike, imesema nchi.

Ila heshima ya nchi haitiwi kwa kiboko, na mfano uko kwenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza waliingia Uluguru na mpango wa kuokoa udongo. Tatizo waliliona sawasawa, mmomonyoko ulikuwepo. Wakawalazimisha watu kuchimba ngazi mlimani, yaani matuta, siku kwa siku, asiyechimba faini. Kwenye udongo wenu mwembamba ngazi zile mara nyingi zilifukia rutuba na kuibua udongo wa chini usioota kitu. Watu walikuwa wanalijua hilo, hawakusikilizwa, na Julai 1955 kukawa na ghasia hadi mtu akauawa kwa risasi. Mpango ukafa. Nilipokuwa kijana kazini bado kulikuwa na vijiji ambako ukitaja neno "matuta" wazee wanasimama na kuondoka. Mwanangu, hii ndiyo gharama ya kulinda nchi huku ukiwadharau wana wake.

Linganisha na Shinyanga. Wasukuma wana ngitili: malisho yanayofungwa mvua zikianza, yanaachwa yaote, kisha yanafunguliwa kiangazi kinapokaza na ng'ombe hawana pengine pa kwenda. Hapo hakuna mzimu, na hakuna aliyezuiwa kutumia. Kuna kungoja tu, na kukubaliana nani aingie lini. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo kadhaa, kwanza kupambana na mbung'o, kisha pamba, kisha Operesheni Vijiji ya 1974 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Wakati huo watu waliuita mkoa ule jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kuwauliza watu badala ya kuwaletea miche. Wazee wakasema: turudishieni ngitili. Dagashida, mikutano yao wenyewe, ikatunga kanuni na kutoza faini. Ndani ya miaka isiyozidi ishirini, hekta kwa mamia ya maelfu zilikuwa zimerudi kuwa na miti, nyingi zikiwa zimechipua zenyewe kutoka kwenye visiki, na mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi nikiulizwa maadili ya ardhi yanafananaje yakiwa kazini, sitoi mfano wa msitu mtakatifu. Natoa mfano wa zizi la majani lililofungwa kwa makubaliano.

Kuna nchi zimeamua kuandika jambo hili kwenye sheria. New Zealand mwaka 2017 iliutambua mto Whanganui kuwa na nafsi kisheria, ukiwa na wasemaji wawili, mmoja akiteuliwa na serikali, mwingine na Wamaori wa pale, ambao msemo wao ni "mimi ni mto, na mto ni mimi". Karibu zaidi, Uganda iliweka kwenye sheria yake ya mazingira ya 2019 kwamba maumbile yana haki ya kuwepo, kuendelea kuwepo na kujirudishia uhai wake. Nimefurahi, lakini sikucheza ngoma. Sheria yetu ya mita 60 ina zaidi ya miaka ishirini, na wewe umeandika swali refu bila hata kuitaja.

Hapo najua unachotaka kusema: mwalimu, hayo ni ya walioshiba. Ada ya mdogo wangu je? Una haki ya kuuliza. Katika nchi hii watu wamewahi kuhamishwa kwa jina la maumbile, Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959, na siku zote anayehamishwa ni yule ambaye hana gari. Kumheshimu tembo kwa kumvunjia heshima mfugaji siyo kupanua maadili, maana mpaka umesogezwa upande mmoja na kuvutwa ndani upande wa pili. Jumuiya ya nchi ina watu ndani yake, na mdogo wako yumo.

Wala kuheshimu si kutogusa. Ngedere akija kwenye mahindi yako, mfukuze. Nguruwe pori akizidi, kuna utaratibu wa kumwinda. Mti hukatwa, mlango ukatengenezwa, na hakuna dhambi. Kosa ninalolizungumzia liko kwenye neno ulilolitumia wewe: "eneo lote". Kutumia ni kula tunda la nchi huku wengine wakibaki mezani, na kumaliza ni kubeba meza. Kwenye milima hiyo wapo hata ndege wa aina mbili ambao hawaishi kokote kwingine duniani ila Uluguru. Wao hawakai kwenye shamba lako, wako msituni juu zaidi, lakini wanakupa picha ya nani wengine ni wananchi wa hapo.

Basi tuje shambani. Kwanza nikusahihishe wewe na mjomba kwa pamoja: mkuyu hauvuti maji kama sumaku. Umeota pale kwa sababu maji yapo, na wenyewe unakunywa. Kazi yake ni nyingine. Mizizi imeshika ukingo, kivuli kinazuia jua, majani yanayooza chini yake yanafanya udongo kuwa kama sifongo, mvua ikinyesha izame badala ya kuteremka mbio. Ukiufyeka, huenda msimu wa kwanza chemchemi itoe maji mengi zaidi, na utaona mjomba ni mwongo. Subiri misimu michache ya masika, ng'ombe na majembe yakanyage pale, udongo ushikamane, ndipo utaelewa. Na tafadhali, usije ukapanda mkaratusi kufidia. Huo ndio mlevi wa maji.

Mkuyu hauna mbao ya maana, kwa hiyo huo uache bila mjadala. Mivule ni habari tofauti, ina bei, na siwezi kukuambia haina. Kama yote miwili iko ndani ya mita 60, jibu langu ni hapana. Kama mmoja uko nje, nenda kwa afisa misitu wa wilaya uulize habari za kibali kabla hujapokea hata shilingi ya mnunuzi, maana anayenunua bila karatasi ndiye anayekuibia nusu ya bei. Mkaa achana nao, magunia machache hayo hayalingani na kazi yake.

Kuhusu mboga, nimekupigia hesabu. Kwa kuwa chemchemi iko mpakani, mita 60 upande wako ni nusu duara ya karibu ekari moja na nusu. Katika ekari tano hiyo si sadaka ndogo, na anayekuambia uitoe kwa moyo mweupe bila kukuuliza utakula nini hajui maisha. Ndiyo maana naunga mkono wale wanaosema wanywaji wa maji ya Ruvu wachangie. Ilishawahi kujaribiwa huko kwenu, Kibungo Juu: wakulima walilipwa kwa kuchimba makinga maji na kupanda miti. Wasiwasi wangu ni ule ule wa Leopold: anayehifadhi kwa sababu analipwa ataacha siku malipo yakikoma. Hata hivyo ni heri malipo kuliko faini. Ndani ya eneo hilo, bila jembe la kila msimu, mdalasini, iliki na pilipili manga vinakubali kivuli, na watu wa Kinole na Matombo wanaishi kwa viungo hivyo. Mboga zipande juu, nje ya mpaka, uzipandishie maji kwa ndoo.

Kwa hiyo wiki hii tafuta kamba, ipime mita 60 kamili, uende na mjomba. Mwache yeye ashike ncha ya upande wa chemchemi. Mkifika mwisho wa kamba angalieni mivule iko upande gani, kisha niandikie. Na umwulize mjomba, marehemu mama yako alikuwa akiuitaje ule mkuyu. Miti mikubwa kama hiyo huwa na jina.